Mjomba Kagua: Maisha ya Rubani Venance Kelestini Libenanga, 1986–2025

Baba Paroko, wanajumuiya, majirani wa Kisawasawa na wageni wetu mliotoka Dar es Salaam na Mlimba, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Bernadetha, dada wa marehemu niliyemtangulia kuzaliwa. Familia imeniagiza nisome haya kwa utulivu. Nitajaribu.

Venance Kelestini Libenanga alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1986, hapa hapa Kisawasawa, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa Mzee Kelestini Libenanga na Mama Agnella. Alikuwa mtoto wa maswali mengi. Ndege ndogo ya kunyunyizia dawa mashamba ya miwa ilipokuwa ikisikika upande wa Kidatu, alitupa jembe na kuifuata mbio mpaka inapotea. Tulipolalamika kwamba anatuachia kazi, baba alikuwa akisema, "Mwacheni. Huyo hata mkimfunga kamba ataondoka nayo."

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, sekondari Ifakara, kisha kidato cha tano na sita Morogoro, alikomaliza mwaka 2007. Ili aende kusomea urubani Afrika Kusini, baba aliuza shamba la mpunga la bondeni, lile lililokuwa halikauki. Wako waliocheka kilabuni wakisema Kelestini kauza ardhi ili anunue hewa. Venance alirudi mwaka 2010 na leseni mkononi, akamwamkia baba shikamoo kwa magoti mawili, na siku hiyo furaha ilimfanya baba asile.

Alianza kazi mwaka 2011 kwa kurusha ndege ndogo za kupeleka watalii mbugani. Kampuni ile ilipofungwa, mwaka 2016 aliajiriwa na shirika kubwa zaidi kama rubani msaidizi. Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu wengi wetu tulidhani ndugu yetu anaelea kwenye raha. Katika kazi ile, aliyeingia mwanzo ndiye anayechagua mwanzo: likizo, safari, hata siku ya kupumzika. Miaka mitano aliyorusha mbugani haikuhesabiwa. Alipangwa wa mwisho kabisa, nyuma ya vijana waliokuwa bado shuleni yeye alipokuwa akitua kwenye viwanja vya nyasi. Krismasi zilikwenda kwa waliotangulia, Pasaka zikawafuata, naye akabaki na masalia.

Siku nyingine ratiba ilimwandikia akiba. Maana yake hana safari, lakini asiende mbali na uwanja wa ndege, avae, asubiri simu. Siku kama hiyo Kisawasawa ilikuwa haifikiki. Mama hajalielewa jambo hili hadi leo. Alikuwa akimuuliza kwenye simu, "Baba, kazini hukwenda, nyumbani huji. Sasa uko wapi?" Venance alicheka tu na kumwambia, "Niko tayari, mama."

Na malipo yalihesabiwa kwa saa za ndege kutembea, toka inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena. Nilimtembelea Dar es Salaam mwaka 2018. Alitoka alfajiri, akarudi jua limezama, macho mekundu kama mtu aliyechoma tanuru la matofali. Nikamuuliza leo amefanya kazi kiasi gani.

"Saa tatu, dada."

"Saa tatu? Na kutwa yote hii?"

"Mbeya kulikuwa na mvua, tukakaa. Kukaa si kazi."

"Nani kasema si kazi?"

"Mkataba," akasema, akalala na viatu.

Baba yetu alipofariki Agosti 2019, Venance alikuwa Mwanza katikati ya mzunguko wa safari wa siku nne. Aliomba apokelewe zamu. Akajibiwa kwamba hakuna mtu hadi kesho yake. Alifika hapa akiwa bado na sare, akakuta kaburi limeshafukiwa na watu wanaosha sufuria. Hakulia mbele yetu. Alizunguka kaburi lote polepole, akapapasa udongo, akaunyoosha pale ulipobonyea. Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja tu, kiti cha kushoto, pale anapokaa kapteni. Alisema akiwa kapteni atakuwa na sauti kidogo, atachagua walau siku za mama.

Turudi kwenye jambo jema. Tarehe 4 Oktoba 2014 alifunga ndoa na Jenifer, binti wa Mlimba, katika parokia ya nyumbani kwao bibi harusi. Aligoma kwenda kwa gari kwa sababu hakuipenda breki yake, akapanda treni. Treni ikachelewa. Watu wa Mlimba, ambao treni wanaijua kuliko sisi, walimpokea stesheni kwa vigelegele na kejeli, "Rubani kaangushwa na reli!" Padri alisubiri, wali ukapoa, ndoa ikafungwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Justin na Aurelia.

Ile habari ya breki haikuwa ya siku moja. Venance hakupanda chombo bila kukizunguka. Kama rubani anavyoizunguka ndege kabla ya kuruka, ndivyo alivyoizunguka pikipiki ya boda, trekta, hata baiskeli ya katekista. Alipiga tairi teke, aliinama kutafuta oili iliyovuja. Pawatila ya kaka yetu Salvatory, ile trekta ndogo ya kuongozwa kwa mikono, aliikataa mara nyingi mpaka Salvatory akawa anaificha akisikia mdogo wake anakuja. Wanangu walimwita Mjomba Kagua, na walimfuata nyuma kwa mstari wakiinama anapoinama.

Kapteni Nkwabi, rafiki yake kazini, ambaye yuko nasi hapa, alitusimulia juzi kwamba Venance aliwahi kuona tone chini ya bawa na kuizuia ndege isiondoke. Abiria walimtukana, mmoja akamwita mwoga. Alisimama mlangoni akawaambia, "Nitukaneni mkiwa chini." Ilikuwa kweli kuna bomba limepasuka.

Mtu wa namna hiyo ndiye tunayemzika leo, na ndiyo maana nashindwa kuelewa.

Maradhi yake yalianza mwaka 2022. Kichwa kilimgonga kisogoni, nyota zikampita machoni. Alimwambia Jenifer peke yake. Alikwenda kupimwa presha kwenye duka la dawa mtaani, na alipoulizwa jina akasema anaitwa Salvatory. Presha ilikuwa ya kutisha. Marubani hupimwa afya kila mwaka na daktari maalumu, na asiyepita haruki, na asiyeruka hulipwa mshahara wa msingi tu. Basi kila mwaka kipimo kikikaribia, Venance aliacha chumvi, akaacha kahawa, akanywa rozela, akatembea kila alfajiri hadi presha ishuke. Akapita. Sisi huku tulimtania kwamba amekuwa Mzungu, anakula mboga chukuchuku. Jenifer alimsihi sana aende hospitali ajieleze.

"Mwezi wa tisa kuna darasa la ukapteni," alimjibu mwaka huu. "Nimesubiri miaka tisa. Nikikaa chini sasa, kiti kinakwenda kwa mwingine, na mimi narudi nyuma ya foleni."

Sisimami hapa kusema alifanya vyema. Alibeba watu akiwa na ugonjwa aliouficha, na Mungu alitunusuru na msiba mkubwa kuliko huu. Lakini nasema pia, mbele ya wakubwa wake waliokuja na kofia zao mikononi, kwamba mkimlipa mtu pale tu gurudumu linapozunguka, atajitahidi lisisimame.

Juni hii alipata siku chache, akaja kumvunia mama mpunga. Jumanne tarehe 17 alishika kichwa shambani, akakaa kwenye magunia. Mama alitaka aitiwe bajaji ya kwenda hospitali Ifakara. Alikataa. "Mama, wakinipima tu, nimekwisha. Nipe Panadol nilale." Mama akasema, "Mwanangu, jicho lako moja limelegea." Akasema atalala, kesho atakuwa sawa, keshokutwa ana zamu. Alipoamka hakuweza kusema, na mkono wa kulia haukuwa wake tena. Salvatory alimbeba kwenye pawatila ileile hadi barabarani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Ilikuwa mara ya kwanza Venance kupanda bila kuikagua. Madaktari na wauguzi walifanya kila walichoweza, tunawashukuru. Alifariki Alhamisi tarehe 19 Juni 2025 kwa mshipa wa damu uliopasuka kichwani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Jana alikuja msibani daktari anayewapima marubani. Ameomba nisimtaje jina. Alikaa mkekani mbele ya mama akamwambia kwamba presha haimwondoi rubani kazini. Angekaa chini wiki kadhaa, angepewa vidonge, vikimkubali angerudi angani, na wapo wanaoruka hivyo hadi wanastaafu.

Mama akamuuliza, "Kwa hiyo dawa ipo?"

"Ipo, mama."

"Na kazi angerudi?"

"Angerudi."

"Sasa mbona hakuja kwako?"

Daktari akasema, "Wengi hawaji, mama. Wakiniona mimi wanaona kalamu ya kuwafutia leseni."

Tangu jana Mama anakaa na kiatu kimoja cha sare ya Venance, anakigeuza, anakitazama soli. Darasa lingempita, ndiyo. Angekula mshahara mdogo, ndiyo. Lakini leo tungekuwa shambani tunamtukana kwa kuikagua pawatila.

Marehemu ameacha mama, Agnella, mjane, Jenifer, watoto, Justin na Aurelia, kaka, Salvatory, na dada, mimi Bernadetha, pamoja na wapwa waliokuwa wakimfuata nyuma kwa mstari. Asubuhi hii, kabla jeneza halijapandishwa kwenye gari, watoto hao walilizunguka gari lote bila kuambiwa na mtu, wakainama, wakagonga tairi. Justin akamwambia dereva, "Iko sawa, tumbebe baba."

Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Simu yake ya kazi iliendelea kuita hadi juzi, Jenifer akaizima. Venance, leo hauko kwenye akiba. Pumzika, mdogo wangu. Pumzika kwa amani, hakuna atakayekuita.