Mtoto wa Tano Kwenye Chemchemi

Nchi hii inalima kahawa mlima kwa mlima, inaipeleka ng'ambo, halafu wenyewe wanakunywa chai. Ndiyo maana benchi la Anisia pale Musinzira, nyuma ya kinyozi, mtaani, lina watu wake maalumu: hapo kahawa inachemshwa kweli, tena na tangawizi. Jumamosi hiyo wateja walikuwa wametoka kwenye kazi za jumuiya, majembe yameegemea ukuta, kila mmoja akijisifu kachimba mtaro mrefu kuliko mwenzake. Alikuwepo Barnabé, muuza vitenge kutoka Uvira, anayeitwa Diplome kwa sababu ya diploma ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Alikuwepo Manase, fundi viatu, anayeitwa Askofu ingawa hata kwaya ilimshinda. Na alikuwepo Nazario, fundi baiskeli, aliyekulia kambini Tanzania. Huyu walimwita Kimya. Tangu arudi, miaka kumi na tano sasa, wanamuuliza kwa nini haendi Gashoho kuliona shamba la baba yake, na miaka kumi na tano anawajibu kwamba baiskeli ni nyingi.

Eliud alifika mbio mbio, simu mkononi. Kijana huyo hutengeneza filamu fupi za familia: mtoto anamvusha kipofu barabara, mtoto anagawa muhogo wake wa mwisho. Kesho yake alitakiwa kuonyesha filamu mpya kwenye ukumbi wa parokia.

— Wazee, nisaidieni kuhesabu, alisema. Hapo mwisho, watoto ni wangapi?

Waliinamia simu. Chemchemi, kilima, bibi mmoja na dumu lake la maji, na watoto wakilibeba kwa zamu.

— Iko tano, alisema Barnabé. Hiyo unatuuliza sisi batu wakubwa?

— Mimi nilichukua wanne. Fanta nilinunua nne, na chupa zilizorudi ni nne.

— Basi mmoja hakunywa Fanta, alisema Anisia. Mbona mnamwonea mtoto wa watu?

— Huyu hapa, alisema Eliud. Wa sweta la kijani.

Nazario alikuwa wa mwisho kuinama. Msichana wa miaka sita hivi alisimama kando ya maji, kikombe cha bati mkononi, akimnywesha bibi. Sweta lake lilifungwa vibaya; kifungo cha juu kimeingia tundu la pili, shingo yote imekwenda kombo. Nazario alinyoosha kidole, akaligusa sweta kwenye kioo cha simu.

— Sikilizeni sasa, alisema Eliud.

Kwenye simu, bibi aliaga: "Twende, mwanangu." Msichana akatikisa kichwa. "Siwezi. Kaka kasema nisubiri hapa, anarudi."

— Maneno hayo sikuyaandika mimi, alisema Eliud. Niliyaacha kwa sababu yalikuwa matamu.

— Hii mlipiga wapi? aliuliza Nazario.

— Kwenu, mzee Kimya. Gashoho, chini ya soko.

Barnabé aliweka kikombe chini, ishara kwamba anaanza mhadhara.

— Donc, ile mtoto iko ya majirani. Imeona kamera, imeingia. Affaire imeisha.

— Ningesema hivyo na mimi, Diplome, alisema Eliud. Lakini jana nimepiga simu Gashoho. Mama za wale wanne wanasema walidhani ni mtoto wa Watanzania, sisi tuliorudi, maana aliongea Kiswahili na mimi. Mimi nilidhani ni wa kwao, maana aliongea Kirundi na watoto wao, tena Kirundi cha zamani, cha kibibi. Kila upande ulidhani ni wa upande mwingine.

— Mana yanje, Mungu wangu, alisema Anisia taratibu.

— Basi iko simu, alisema Barnabé. Siku hizi simu zinaongezaka batu. Unapiga foto ya mutu moja, anatoka mbili. Mi nimeona Bujumbura!

— Simu gani inaongeza mtu halafu inampa kikombe? alifoka Manase. Huyo ni wa majini. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Unaona? Yamemwagika, na yeye yupo pale anayazoa!

— Askofu, methali hiyo haisemi hivyo, alisema Anisia.

— Inasema hivyo ukiwa na akili. Na pia wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake mgeni wa namna hiyo akija, mwenyeji kimbia upone!

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa cha kupeana moyo. Barnabé aliapa kwamba kule kwao kuna watoto wanaotoka ziwani saa sita mchana, wanabebea akina mama mizigo, na ukiwapa asante wanarudi majini na jina lako. Manase akaona hiyo ni ndogo. Kwa mahesabu yake, mtoto yule alikuwepo kwenye filamu zote za duniani, ila watu hawahesabu. Hapo Anisia mwenyewe akasahau birika, likafurika.

Nazario hakuwasikia vizuri. Alikuwa amerudi kwenye mwaka ule wa mauaji, tisini na tatu, ana miaka tisa; asubuhi ile na mapema mama alikuwa ameshakwenda sokoni Muyinga, alikofanyia biashara yake kwa Kirundi na Kiswahili. Makelele yalipoanza kilimani, alimvalisha mdogo wake Melania sweta kwenye giza la nyumba, akalifunga vibaya. Walipofika kwenye chemchemi Melania alichoka. Alimpa kikombe cha bati ashike, akamwambia subiri hapa, namfuata mama, narudi. Barabarani umati ulimbeba mzimamzima mpaka ng'ambo ya mpaka, Ngara. Mama alimkuta kambini baada ya mwezi mmoja. Alimuuliza swali moja tu, na hakulirudia tena mpaka anakufa. Hayo yote Nazario hajamwambia mtu, hata mke wake.

— Jina lake nani? aliuliza ghafla.

Eliud alikuna kichwa.

— Hatukumuuliza. Kulikuwa na kazi nyingi, mzee. Mwanga ulikuwa unakwisha.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama kando, kikapu cha maharagwe kichwani, akingoja Anisia ammiminie kikombe. Jina lake Dorotea, ametoka Yoba, na alikuwa anamngoja mwanawe anyolewe. Alichungulia simu juu ya mabega yao, akaitazama filamu mpaka mwisho. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

— Mlipoondoka, mtoto mlimwacha na nani?

Barnabé alitazama majembe.

— Tulifunga vyombo, alisema Eliud mwishowe. Gari lilikuwa linapiga honi. Alikuwa amesimama palepale kwenye maji. Tulimpungia mkono.

— Naye?

— Akatupungia.

— Filamu yenyewe inaitwaje?

Eliud aliifunika simu kwa kiganja.

— Usimwache Mwenzako.

Dorotea hakumcheka wala hakumlaumu. Alishusha kikapu tu, akakaa chini kwa uzito.

— Anaitwa Melania, alisema Nazario.

Waligeuka wote. Mtu waliyezoea kumsikia akitaja bei ya mnyororo na tairi alikuwa amesimama, uso umelowa, wala hajifuti.

— Kimya, unamujua? aliuliza Barnabé kwa sauti ndogo.

— Sweta nilimfunga mimi. Niliruka kifungo.

Aliogopa; aliogopa kumkuta pale na aliogopa kutomkuta, na hakujua lipi lingemuua. Lakini miguu ilikuwa imeshaamua. Alimpa Manase ufunguo wa banda lake la baiskeli. Akauliza gari la Muyinga, linalopita Gashoho, linaondokea wapi siku hizi, na Dorotea akamwelekeza, hata jina la dereva akamtajia.

Alikuwa ameshapiga hatua nne hivi alipoitwa na Anisia. Mama wa watu hakujua aseme nini, akasema lile analowaambia wateja wote.

— Kahawa yako hujaigusa, Nazario. Nikuwekee? Unarudi?

Neno lilimjia ulimini lenyewe, jepesi, kama lilivyomjia siku ile kwenye chemchemi. Narudi. Aliling'ata. Akarudi mpaka kwenye benchi, akachukua kikombe, akakinywa chote kikiwa cha moto, mpaka machicha, akamkabidhi Anisia kikombe kitupu mkononi, kisibaki kitu cha kumngojea.