Mgeni wa Kweli

Tuktuk ilipoiacha Ukunda kuelekea Diani, Mwanafatuma alikuwa amekwisha kuyajua mambo ya kaka na dada alioketi nao kiti cha nyuma. Walikuwa na tovuti ya safari za mashua kwenda Funzi, na kaka alikuwa ameufunga mkufu wa dhahabu wa mama yao kwenye leso, akauuze apate kununua mashua ya pili.

"Uuuze kwa ajili ya wageni gani, kaka Abdulrahim?" dada alisema kwa sauti ya chini. "Wanaofungua tovuti wote wako Msambweni. Ni wewe na mashangazi, mnatazama picha zenu kutwa."

"Nimewakataza tangu jana, Twaiba. Atakayehesabiwa leo ni mgeni wa kweli."

Jina la tovuti lilikuwa kifuani mwa fulana ya Abdulrahim, na Mwanafatuma si mtu wa kusikia habari nusu akatulia. Akaliandika kwenye simu yake, akazitazama picha za mashua. Zilikuwa nzuri, kwa mtu ambaye bahari haimtapishi.

Abdulrahim akamsogezea dada yake simu. "Tazama. Mmoja yumo kwenye tovuti sasa hivi, tena yuko Diani."

"Mmoja tu, kaka," alisema Twaiba, lakini sauti yake ilikuwa imelegea.

Mwanafatuma akaisukuma simu ndani ya buibui. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa, tuktuk ikasimama mbele ya duka la sonara.