Duara Jekundu Nyuma ya Benchi

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, pale njia ya shuleni inapokutana na ya sokoni. Mimi nashona viatu mwisho wa benchi, kwa hiyo nasikia yote nikiwa na uzi mdomoni. Wenzangu ni watatu. Hakimu alifagia mahakama miaka kumi na mmoja, na sheria aliizoa humo humo kwa ufagio. Kipimo ni seremala, hasemi jambo kabla ya kulipima. Redio hutengeneza redio, na mwenyewe hana swichi ya kuzimia. Yupo pia muuza kahawa, lakini huyo humimina tu na kunyamaza. Jumatatu moja alasiri tukakuta mtu amepaka duara jekundu ukutani, kubwa kama sinia, juu kidogo ya vichwa vyetu.

Kipimo aliwahi. Alilipima kwa shibiri, akapata mbili na vidole vitatu, akatangaza kwamba hapo litapita bomba kuu la maji.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema. Ndiyo maana wanayaweka kwenye bomba.

Redio akakataa. Maduara kama hayo alikuwa ameyaona kwingine: kichochoro cha nyuma ya mashine ya kusaga, chini ya taa ya barabarani iliyoungua, na mlangoni mwa choo cha stendi. Akauliza ni bomba gani lenye akili linalotoka mashineni likaenda chooni kupitia kwenye taa. Kwa maoni yake yalikuwa ya kuonekana kutoka juu. Kuna ndege inapiga picha mtaa mzima, na sisi tumo.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, huku akionyesha mawinguni.

Hakimu alimaliza kikombe, akakiweka chini taratibu kama anayefunga faili. Alitueleza kwamba serikali ikipaka kitu rangi na isikibomoe, maana yake inakihifadhi. Benchi letu limeingizwa kwenye urithi wa taifa.

— Na choo cha stendi? Kipimo akauliza.

— Nacho ni cha zamani.

— Mbona wamepaka hadharani bila hata kutuita?

— Mficha uchi hazai.

Hoja hiyo ilitushinda nguvu. Haukupita muda tukawa tunagombania sanamu. Hakimu alitaka ya kwake ivae joho. Redio alitaka ya kwake iwe na mdomo wazi, watoto wa baadaye wajue. Kipimo akajitolea kuzichonga zote kama zitakuwa za mti. Nilipouliza kama kuna nafasi ya fundi viatu, niliambiwa nitawekwa chini, miguuni.

Hapo ndipo alipofika fundi cherehani, mke wa mdogo wake Kipimo. Mkono mmoja alishika kopo la rangi nyekundu na brashi, mwingine karatasi iliyokunjwa. Tulimsogezea nafasi kwa heshima ya mtu anayetoka ofisini.

— Shemeji, tuambie wewe, Kipimo alisema. Ni bomba au ni sanamu?

Alipoelezwa habari ya sanamu alicheka mpaka akaliweka kopo chini. Kisha akaikunjua karatasi juu ya benchi. Ilikuwa ramani ya mtaa. Kamati ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake na wasichana ilikuwa imewaita wanafunzi na akina mama wa sokoni, kila mmoja akachora njia anayopita na kutia alama nyekundu mahali anapoogopa. Kwenye kichochoro cha mashine zilikuwa alama tisa. Kwenye choo, saba. Penye benchi letu, Kipimo alihesabu kwa kidole mara mbili: kumi na nne.

Hakimu akapinga papo hapo. Alisema hapa hajawahi kupigwa mtu, sisi tunasalimia tu, na salamu ni haki ya raia. Fundi cherehani akamkumbusha yule dereva wa lori la saruji, mwezi uliopita, aliyemshika mkono binti mwenye sare akagoma kumwachia, na benchi zima likacheka. Redio akajitetea kwamba yule si mwenzetu, alikuwa mpita njia.

— Sikuulizi ni wa nani, fundi cherehani alisema. Nauliza kitu kimoja. Miaka yote hii mmekaa hapa, nani kati yenu amewahi kumwambia mwenzake "acha"?

Hakimu alifungua mdomo kutafuta methali, ikakosekana. Kipimo alianza kulipima goti lake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alizimika. Muuza kahawa akanong'ona kwamba yeye humimina tu.

— Na masikio unayo, fundi cherehani alimjibu.

Alirekebisha duara palipochuruzika rangi, akatuachia ramani, akaenda zake.

Mimi nilikuwa bado naangalia ramani. Wengi walikuwa wamechora njia ya kuzunguka, bondeni nyuma ya kiwanda cha mbao, kwenye kokoto. Tangu muhula uanze nilikuwa nimeshona soli za binti yangu mara tatu, na kila mara nikamgombeza kwamba anatembea kama mbuzi.

Jioni nilimkuta anafua sare. Nikamuuliza hupitia wapi kurudi nyumbani.

— Bondeni, baba.

— Kwa nini usipite pale kwangu, nikuone?

Aliikamua soksi mpaka tone la mwisho.

— Nilikuwa napita. Ulikuwepo.

Nikatoka nje nikasimama.

Siku tatu baadaye binti mmoja alikuwa anakuja na madaftari kifuani. Redio akajiweka sawa, akavuta pumzi ya kumrushia salamu kama kawaida yake.

— Acha, nilisema.

Sauti ilitoka nyembamba, na uzi ukanidondoka mdomoni. Redio alinitazama kana kwamba nimemkata waya. Hakimu akataka kujua ni kwa kifungu gani. Nikamwambia sina kifungu. Wakati tunabishana hayo binti alikuwa ameshapita, mbio mbio, bila kugeuka. Hakutushukuru, wala hakuwa na cha kutushukuru.