Respicius na Amplifaya ya Volti za Hapa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, kuanzia Annandale hadi Landover, walio jikoni, walio garini, na wale walio kazini kwa sababu bosi wao hajui kuwa leo ni Jumapili. Ni mimi Mwatumu. Leo sisomi salamu, wala sitangazi vyumba vya kupanga. Leo tunamkumbuka mtu mmoja tu.

Respicius ametutoka. Ilikuwa Alhamisi iliyopita, tarehe kumi na moja Machi mwaka huu wa 1999, asubuhi, akiwa kazini ghalani kule Landover. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Narudia kwa mliofungulia redio sasa hivi: ni Respicius, mpiga besi, mume wa Flaviana, baba yake Violet.

Wengi mlimwona kwenye harusi zenu, mwaka jana na mwaka juzi mwishoni. Yule mrefu, mkimya, anayesimama nyuma karibu na ngoma. Ukimwuliza habari, anakujibu kwa nyusi. Ukimwomba apunguze sauti, anatabasamu na hapunguzi. Lakini wachache mnajua kwamba mtu huyo alikaa hapa Marekani miaka kumi na moja bila kupiga besi mbele ya mtu. Miaka kumi na moja, jamani. Kilichokaribia kuumaliza muziki wake kilikuwa plagi.

Tuanze Mwanza. Respicius alikuwa Mhaya wa Bukoba, lakini besi aliijulia Mwanza, kwenye bendi ya hoteli, kila wikiendi, watu wakicheza mpaka jasho linadondoka kwenye nyaya. Mwaka 1986 akaja huku na mkewe. Mkononi alibeba gitaa lake la besi. Amplifaya ilikuwa mali ya hoteli, ikabaki hoteli.

Sasa, besi bila amplifaya ni kama mtu anayenong'ona sokoni. Respicius alibuni njia yake. Jioni akitoka kazini anakaa kitandani, anaegemeza gitaa kwenye mlango wa kabati, mbao zinamtolea sauti kidogo. Binti yake Violet alizaliwa akaikuta hali hiyo. Kaniambia juzi, kwa Kiingereza chake nami nawapa kwa Kiswahili: "Nilidhani besi ni chombo cha kupigia kabati."

Kwa nini hakununua amplifaya? Alinunua. Mwaka 1995 alinunua mpya kabisa, nzuri, nzito. Ila alinunua kwenye lile duka letu sote, la vitu vya volti mia mbili na arobaini za nyumbani, na ukuta wa hapa unatoa mia na ishirini tu. Msicheke. Nani kati yenu hana pasi ya volti za nyumbani chini ya kitanda? Nani hana friji iliyofungwa kwa plastiki, inasubiri kontena? Mimi mwenyewe nina blenda, ina miaka sita, haijawahi kuonja embe. Ndivyo tulivyo. Kila tunachokipenda tunakinunua kwa ajili ya mwakani, tutakaporudi.

Respicius alikuwa anarudi mwakani. Alisema hivyo 1987, akasema 1990, akasema 1995 alipoliweka boksi lile sebuleni na Flaviana akatandika kitambaa juu. Halikufunguliwa. Na vidole vilianza kumsaliti. Flaviana anasema jioni moja mwaka 1997 alimwona anajaribu mpigo wa zamani, mkono ukakwama katikati, akaliweka gitaa chini akaangalia kiganja chake muda mrefu. Mtu wa miaka arobaini na sita anaogopa kuupoteza mkono wake. Hilo ndilo lililokuwa hatarini, wasikilizaji. Ama angepiga tena, ama angeendelea kusubiri mwakani hadi vidole visahau kabisa.

Oktoba 1997 ndipo alipokutana na Sikujua. Huyu ni Mkongo wa Lubumbashi, mpiga gitaa la solo, fundi wa magari kule Manassas. Kila Jumamosi mchana watu wanne watano walikusanyika kwenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba, ya dada yake hapo Landover, wanapiga wanavyojisikia, wanakula, wanapiga tena. Besi hawakuwa nayo. Sikujua akamwambia kwa Kiswahili cha kwao, ambako yaya ni kaka na vraiment ni kweli kabisa, "Yaya, njoo na ampli yako, vraiment, sisi tuko kama nyumba bila sakafu."

Respicius akapasua boksi. Flaviana alisimama mlangoni asiamini macho yake. Wakaibeba watu wawili, wakaiteremsha besimentini, akatafuta kiungio cha plagi, akachomeka ukutani. Kitaa kikawaka chekundu hafifu, kama sigara inayozimika. Akapiga waya nene. Kimya. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Ikatoka sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

Sikujua akainama akasoma nyuma. "Yaya Respi, hii masini iko inalala. Inangoja moto wa Bukoba."

Walicheka sana. Respicius naye alicheka, lakini kicheko kiliishia mlangoni, akairudisha mashine nyumbani kwake Annandale. Wiki iliyofuata akajaribu transfoma, zile za kupandisha umeme. Ilikuwa ya bei poa. Ikanguruma yenyewe kuliko besi, na jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio kabla Respicius hajapiga noti hata moja. Akaizima. Akataka kulirudisha boksi pale pale na kitambaa chake.

Hapo Flaviana akachoka. Mnamjua Flaviana, anatunza wazee siku nzima, hana muda wa kubembeleza. Alimwambia, na haya ni maneno yake alivyonisimulia: "Mume wangu, mpelekee kaka yako Laurean kule Bukoba hiyo mashine, kwaya ya parokia itaitumia. Wewe nunua inayoelewana na ukuta huu."

Akajibu, "Nikinunua ya hapa, nitakuwa nimesema sirudi."

"Utakuwa umesema leo unapiga," Flaviana akamjibu. "Ya kurudi tutayazungumza siku ya tiketi."

Basi. Jumamosi asubuhi, Novemba 1997, Respicius na Sikujua wakaingia duka la vyombo vya muziki vilivyotumika, kule Manassas. Nyuma ya kaunta alikuwepo kijana Mmarekani Mweusi, jina lake Jumaane, aliyesoma Kiswahili chuoni. Aliposikia wanavyozungumza, akanyooka: "Shikamoo, mzee. Karibuni sana dukani kwetu. Je, mnatafuta kitu gani?"

Sikujua akaguna kwamba huyu anaongea kama kitabu. Respicius akaitikia marahaba, kwa heshima zote, maana tangu aondoke Mwanza hakuna muuza duka aliyewahi kumwamkia.

Sikujua alishafika kwenye limashine la spika nane, refu kumpita Violet. "Hii, yaya. Hii watasikia hadi Lubumbashi." Respicius mwenyewe alinyemelea kadogo, kale ka kubeba kwa kidole, ka wati kumi na tano. Alikuwa anatafuta namna ya kununua bila kununua. Jumaane akamwachia akajaribu. Waya nene ilipolia, kadogo kakakohoa.

Hapo kijana akauliza maswali yake. Respicius aliyakumbuka hadi kufa. Utapigia wapi? Ghorofa ya tatu, na chini kuna jirani mwenye ufagio. Utapiga na nani? Na ngoma, na magitaa mawili, na Wakongo. Nani ataibeba? Mimi mwenyewe, ngazi zote. Halafu la mwisho: "Utaanza kuitumia lini, mzee?"

Respicius akaangalia saa yake ya mkononi. Miaka kumi na moja jibu lake lilikuwa mwakani. Pale akasema, "Leo. Saa nane."

Jumaane akavuta moja kutoka pembeni. Spika moja ya inchi kumi na tano, wati mia moja, umeme wa hapa hapa. Ina tundu la hedifoni, ukichomeka spika inanyamaza na jirani analala. Kona imekwaruzwa, kitambaa cha mbele kina doa la kahawa. Respicius akainyanyua, akatembea nayo hadi mlangoni na kurudi, akaangalia kama mgongo unalalamika. Akaichomeka. Akapiga waya nene bila kuibana, kwa sauti ndogo tu, maana besi ya kweli unaijua ikiwa chini. Vioo vya kaunta vikatetema. Sikujua akavua kofia.

Saa nane mchana alikuwa besimentini. Mkono ulikwama mara mbili. Mara ya tatu haukukwama. Dada yake Sikujua aliacha kukaanga samaki akateremka ngazi na mwiko mkononi, akacheza peke yake, na Respicius akapiga wimbo uleule dakika ishirini asiache.

Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi, ila ile moja ya theluji kubwa. Jioni za katikati ya wiki alivaa hedifoni sebuleni, akamfundisha Violet kuhesabu mapigo manne manne. Ile mashine nyingine ikapanda kontena, na kaka yake Laurean akaandika kwamba kwaya ya parokia sasa inasikika hadi barabarani na padri analalamika. Respicius aliisoma barua ile mara tatu kwa furaha. Alikuwa mtu aliyenenepa moyo, mnaelewa ninachosema. Hata salamu alianza kuitikia kwa mdomo.

Sasa niseme jambo mnalolisubiri. Tangu Alhamisi simu hapa haipumui. Wote mnauliza swali moja, na ni swali jema, ndiyo desturi yetu: mwili unasafiri lini, na michango ya usafiri aletewe nani. Wasikilizaji wapendwa, mwili hausafiri. Nasema tena polepole. Respicius atazikwa hapa, Jumamosi ijayo.

Najua kuna watakaonuna. Kwao Bukoba mtu huzikwa kibanjani, kwenye migomba ya ukoo, karibu na baba yake. Flaviana aliogopa kumpigia simu Laurean. Alipiga. Akamweleza kwamba mwezi wa kwanza mwaka huu, wakipanda ngazi na ile amplifaya, Respicius alisimama kupumua akamwambia neno hilo la kuzikwa hapa, bila kuulizwa. Laurean akasema, "Kama ni maneno yake mwenyewe, mimi ni nani."

Nilimwuliza Flaviana maneno hayo yalikuwaje hasa. Akanijibu akilia na kucheka kwa pamoja. Mumewe alimwambia hivi: "Mama Violet, mkinizika hapa, mtakuja kuniona bila kukata tiketi."

Pole sana, Flaviana. Pole, Violet mwanangu. Pole, Laurean na ukoo wote huko Bukoba, na wewe Sikujua, na wote wa besimentini. Mungu ampumzishe kwa amani. Nasi tuliobaki tujiulize, kila mmoja kimoyomoyo: ni nini ninachokipenda ambacho nimekiahirisha, na ninamngojea nani aniruhusu? Msinijibu mimi. Jijibuni wenyewe, mchana bado mrefu.

Sikujua ameniletea kaseti ya mazoezi ya Desemba. Sauti ina mikwaruzo, na kuna mtu anaita watu wakale. Nilimwuliza besi iko wapi, mbona siisikii. Akaninyamazisha, akanishika mkono, akauweka juu ya spika iliyokuwa ikitetema.

Wekeni mikono yenu juu ya redio.