Fundi Hedwiga Temba na Skrini ya Herufi za Njano

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Hedwiga Temba, fundi mkuu wa umeme na elektroniki, anakabidhi funguo za karakana baada ya kukitumikia kituo chetu cha kutotolesha vifaranga hapa Ngaramtoni kwa miaka thelathini na sita na miezi minne. Wengi wetu hatujawahi kuona karakana ile ikifunguliwa na mtu mwingine.

Alizaliwa Kibosho mwaka 1965, akasomea elektroniki katika chuo cha ufundi mjini Arusha, darasa lililokuwa na wasichana wawili tu. Siku aliyokuja kuripoti kazini, Februari 1989, mlinzi alidhani ameajiriwa kupika, akamwelekeza jikoni. Akaenda. Akakuta jiko la umeme limekufa, akalifufua, akanywa chai, ndipo akaenda kujitambulisha kwa meneja. Kisa hiki anakisimulia mwenyewe, na kila akikirudia lile jiko linazidi kuwa bovu.

Mwaka 1991 zikaletwa mashine kubwa za kutotolesha kutoka Uholanzi, pamoja na kompyuta moja ya kuziendesha na skrini yake nzito yenye herufi za njano. Kompyuta hiyo ndiyo inayotunza joto na unyevu, na kugeuza mayai. Wenzetu wa vituo vingine walishazitupa za kwao zamani. Ya kwetu bado inafanya kazi, na sababu ni Mama Hedwiga.

Katika yote aliyoyafanya, mimi nimeombwa niandike kuhusu siku moja ya Aprili 2019. Nimekubali kwa sababu kosa la siku ile lilikuwa langu.

Nilikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na saa mbili umeme ukakatika. Nikaona nitumie nafasi hiyo kufuta vumbi nyuma ya kompyuta. Nikachomoa kebo ya skrini, nikafuta, nikachomeka. Nyuma ya kompyuta ile kuna soketi mbili za matundu tisa, zinafanana kama mapacha. Moja ni ya skrini. Ya pili ni ya kadi nyingine ya picha, ambayo mawimbi yake skrini yetu haiwezi kuyabeba. Mimi nikachomeka kwenye ya pili.

Umeme uliporudi, skrini ilipiga mluzi mwembamba wa kuumiza masikio. Ukatokea mstari mmoja wa njano, ukatetemeka, ukazimika. Kisha ikaja harufu ya kuungua.

Ndani ya makabati manne ya mashine kulikuwa na mayai elfu tisa na mia sita, ya siku ya kumi na nane. Kwa asiyejua kazi yetu: yai la umri huo lina kifaranga kamili ndani yake, nacho kinatoa joto lake mwenyewe. Hewa isipozunguka, mayai yanapikana. Na kompyuta ile, kila umeme ukikatika, hairuhusu mashine kuendelea mpaka mtu asome maswali kwenye skrini na kuyajibu moja moja.

Mama Hedwiga alifika mbio, koti la mvua likiwa bado mwilini. Kwanza aliunganisha feni moja kwa moja na umeme, hewa ikaanza kuzunguka. Akawaita akina mama wanne wa zamu, akampa kila mmoja kipimajoto cha zebaki na kabati lake. "Joto likipanda, fungua mlango. Likishuka, funga. Someni kila baada ya dakika tano, na mtu asiondoke mlangoni."

Meneja wetu, Eliya Pallangyo, alileta skrini mpya ya ofisini. Kichwa cha kebo yake hakikuingia popote. Jasho likimtoka, akasema, "Mama, wewe si unayajua maswali kwa kichwa? Bonyeza tu bila kuona."

"Ni maswali kumi na manne, Eliya. La tisa linauliza kama nifute kila kitu. Nikikosea hesabu kwa moja tu, tumewaua wote."

"Na tukikaa hivi?"

"Hivi tuna saa chache. Niachie."

Akainama nyuma ya kompyuta na tochi. Niliona mwanga ukisimama kwenye ile soketi. Alinyanyua uso akanitazama.

"Ni wewe?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mama."

Nilingoja anifokee. Akanipa tochi. "Shika hapa. Usitetemeke."

Alipofungua kasha la skrini alitusogeza wote hatua tatu nyuma. Kioo kile kinahifadhi umeme mkali hata kikichomolewa, alisema, na kinaweza kumrusha mtu ukutani. Mkono wa kushoto akauweka mgongoni, umeme usije ukapita kifuani. Kwa mkono wa kulia akaingiza bisibisi ndefu aliyoifunga waya wa kwenda kwenye fremu ya chuma, ili umeme uliobaki umalizikie huko. Ukasikika mlio mkavu kama kijiti kinachovunjika, ikaruka cheche ya buluu. Meneja alishika kichwa. Mama Hedwiga alishusha pumzi, akaanza kupima.

Fyuzi ilikuwa imekatika. Transista kubwa, ile inayosukuma umeme mkali wa kioo, ilikuwa imekufa kabisa. Fyuzi anayo. Transista hana, na maduka ya mjini hayajaiuza kwa miaka mingi. Akampigia Lesikar, fundi wa televisheni pale Sakina, kisha akaniambia nichukue bodaboda.

Sitaisahau barabara ya Nairobi siku ile, maji yakiturukia usoni kutoka kwenye malori. Lesikar alikuwa ameshapanga mezani mabodi mawili ya televisheni za zamani. Transista ya kwanza aliipima, akaitupa. Ya pili akaipima mara mbili, akaichomoa taratibu, akaifunga kwenye karatasi.

"Mwambie Mama Temba hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Ikiungua, sina pengine pa kumtuma mtu."

Niliporudi ilikuwa saa sita kasoro. Makabati matatu yalikuwa salama. La nne, lenye mlango mzito, joto lake mara mbili lilikuwa limepanda kupita kiasi, na mama aliyekuwa akililinda alikuwa analia huku akifungua na kufunga.

Mama Hedwiga aliweka fyuzi mpya, akalehemu transista. Kisha akafanya jambo lililomkera meneja: hakuwasha. Alichukua balbu ya kawaida, akaiunganisha kwenye njia ya umeme wa skrini.

"Mama, muda!" meneja alisema.

"Kama bado kuna kitu kimegusana ndani, balbu itawaka kwa nguvu bila kufifia, na transista itapona. Bila balbu, itakufa, na hatuna nyingine."

Akanyoosha kidole kwenye swichi. Balbu ikawaka kali, nyeupe. Moja, mbili... ikaanza kufifia. Ikafifia mpaka ukabaki uzi mwekundu tu ndani yake.

Akaitoa balbu, akachomeka kebo kwenye soketi yake, akawasha tena. Tukangoja kioo kipate moto. Herufi za njano zikaja polepole, zimebanwa upande mmoja, lakini zinasomeka. Akajibu maswali yote kumi na manne, akisoma kila moja kwa sauti. Saa saba na nusu mashine zilishika joto zenyewe.

Siku tatu baadaye walitoka vifaranga elfu saba na mia moja. Kabati la nne lilipoteza zaidi ya nusu. Wafugaji waliokuja Jumamosi kuchukua vifaranga, wengine waliondoka na pungufu, na tuliwaomba radhi mmoja mmoja.

Meneja aliamini ni umeme uliorudi kwa kishindo. Mama Hedwiga hakusema ndiyo wala hapana. Aliandika ripoti yake ya kiufundi, akaacha wazi mstari wa chanzo cha hitilafu, akaniletea. "Hapa sijui niandike nini," alisema. "Wewe unajua." Nililala nayo siku moja. Kisha nikaandika: kebo ilichomekwa soketi isiyo yake, na jina langu, Naserian Mollel. Nikamrudishia aipeleke kwa meneja.

Nilipata barua ya onyo, na niliistahili. Meneja aliponikabidhi alinionyesha ripoti yenyewe. Chini ya mstari wangu palikuwa na mwandiko wa Mama Hedwiga: "Soketi hiyo nimeiona kwa miaka ishirini na nane bila kuiziba. Kosa ni letu wawili. Nimeiziba leo. H. Temba."

Mama Hedwiga, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kazi yako na kwa namna ulivyoifanya. Nenda ukapumzike Kibosho, uwaone wajukuu mchana wa siku za kazi, na simu ikilia alfajiri isiwe ya kwetu. Tunakuombea afya, amani na miaka mingi ya furaha.

Naserian Mollel
Msimamizi wa uzalishaji