Bao la Gaël

ANDRÉ: Haloo? Nani mwenzangu?

JOCELYNE: Ni miye, André.

ANDRÉ: Miye nani? Sema kwa nguvu, kuna malori hapa getini.

JOCELYNE: Jocelyne! Dada yako! Umenisahau mpaka sauti?

ANDRÉ: Aa, Yaya, dada yangu mkubwa! Pole. Hii namba si yako.

JOCELYNE: Ni ya Nusaiba, ninayesuka naye hapa saluni, mtaani Bertrams. Simu yangu inaonyesha mpira.

ANDRÉ: Mpira gani?

JOCELYNE: Unaniuliza mpira gani! Wa Thierry. Mwanangu anacheza leo huko Tunisia, wewe mjomba wake hujui?

ANDRÉ: Najua, Yaya, najua... ila hiyo ni daraja la tatu, hata televisheni haionyeshi. Umeipata wapi?

JOCELYNE: Facebook. Kuna mtu yuko jukwaani anarusha kwa simu yake, na mwenzake anatangaza. Thierry amefunga, André! Kwa kichwa! Nimepiga yowe mpaka mteja ameruka kwenye kiti, rasta zake zimebaki mkononi mwangu.

ANDRÉ: Asante Yesu! Si nilikuambia huyu mtoto—

JOCELYNE: Ngoja. Ngoja kwanza. Kiarabu cha huyo mtangazaji sikielewi. Lakini jina nimelielewa. Anasema Gaël.

ANDRÉ: Labda umesikia vibaya.

JOCELYNE: Gaël, Gaël, Gaël! Jukwaa zima. Mwanangu niliyemzika Bukavu, watu wanamshangilia. André? Uko?

ANDRÉ: Niko. [pembeni, kwa dereva wa lori] Sharp, boss, pita, pita. — Yaya, huu mtandao unakatakata...

JOCELYNE: Usisingizie mtandao! Juu ya nini wanamwita Thierry jina la marehemu mdogo wake?

ANDRÉ: Jioni nakuja kwako, tutakaa vizuri tuo—

JOCELYNE: Nieleze sasa hivi!

ANDRÉ: [anashusha pumzi] Klabu ilitaka kijana asiyezidi miaka ishirini. Thierry ameupita umri huo, unajua mwenyewe. Sasa wakala akasema, kama kuna mdogo wake... kama kuna cheti cha mdogo wake...

JOCELYNE: Cheti cha ubatizo.

ANDRÉ: Yaya—

JOCELYNE: Kile ulichokuja kukichukua kwangu. Uliniambia padri anakihitaji, tunamsomea Gaël misa. Nikakupa na sadaka juu!

ANDRÉ: Misa ilisomwa.

JOCELYNE: Ilisomwa! Na wewe umekaa kando yangu unaitikia amina! Huna hata haya?

ANDRÉ: Nitukane, nimestahili. Lakini mtoto leo ana kazi, Yaya. Hapa alikuwa anachunga magari ya watu nje ya uwanja wa Ellis Park, mvua yake, jua lake. Umesahau?

[mashine za kukausha nywele zinavuma]

JOCELYNE: Mimi nimeshawasahihisha.

ANDRÉ: Umewa... nini?

JOCELYNE: Pale chini ya video. Nilidhani mtangazaji amekosea. Nimeandika kwa Kifaransa, waelewe vizuri: Bwana, huyo si Gaël, huyo ni Thierry, kifungua mimba wangu. Gaël wangu alifariki mdogo.

ANDRÉ: Mungu wangu. Futa.

JOCELYNE: Kuna bwana mmoja amenijibu hata. Mtu wa adabu, ananiita Madame. Ameuliza Thierry amezaliwa mwaka gani.

ANDRÉ: Usimjibu!

JOCELYNE: Nimeshamjibu.

ANDRÉ: Eish! Eish, Yaya! Kwenye picha yake amevaa jezi gani huyo bwana?

JOCELYNE: Kijani.

ANDRÉ: Na Thierry?

JOCELYNE: Nyekundu... Oo. Oo, André.

ANDRÉ: Huyo ni wa wapinzani! Wamefungwa, wanatafuta pa kushika. Wakilipeleka hilo kwenye shirikisho, bao linafutwa, mtoto anafungiwa, anarudishwa na ndege ya kwanza. Futa! Bonyeza hayo maneno, shikilia—

JOCELYNE: Mikono ina dawa... Nusaiba! Nishikie hapa! Hapo, hapo... Inauliza kama nina hakika.

ANDRÉ: Una hakika!

JOCELYNE: Yamefutika. Yote, na lile jibu la mwaka.

ANDRÉ: Afadhali. Afadhali, jama—

JOCELYNE: Ameniandikia pembeni, kwenye meseji.

ANDRÉ: Nani?

JOCELYNE: Yule yule. "Madame, juu ya nini umefuta? Nimeshapiga picha."

ANDRÉ: Yesu.

JOCELYNE: Nimwambie nini? Haraka, Nusaiba ananionyesha salio linakwisha.

ANDRÉ: Mwambie ulichanganya majina. Mama aliyefiwa huchanganya, nani atamlaumu? Anayecheza ni Gaël, mzima wa afya.

JOCELYNE: Naandika... "Samahani Bwana, nilichanganya. Anayecheza ni Gaël wangu, mzima wa afya." Laiti ingekuwa kweli, mdogo wangu.

ANDRÉ: Jikaze. Amejibu?

JOCELYNE: Anaandika... anaandika... Ndiyo.

ANDRÉ: Anasemaje?

JOCELYNE: "Na Thierry, Madame? Thierry yuko wapi?" Niseme yuko hapa Johannesburg na mimi?

ANDRÉ: Ukisema yuko, atamtaka kwenye simu amwone uso. Halafu ulishaandika mmoja alifariki. Hilo analo kwenye picha yake.

JOCELYNE: Kwa hiyo?

ANDRÉ: Kwa hiyo Thierry ndiye...

JOCELYNE: Ndiye nini? Malizia.

ANDRÉ: Siwezi, Yaya.

JOCELYNE: Wewe kusema huwezi, ila mimi niandike! Mimi niliyemzaa! Yuko pale anakimbia, namwona, amefunga viatu vyake vizuri, jasho linamtoka, halafu mimi mama yake...

ANDRÉ: Ni maneno tu.

JOCELYNE: Maneno tu? Mungu hasomi Kifaransa?

ANDRÉ: Nisamehe. Nakuomba, dada yangu, nisamehe. Lakini akirudi hapa, anarudia nini?

[mtandao unakwaruza]

JOCELYNE: Nimeandika.

ANDRÉ: Umeandikaje?

JOCELYNE: Kwamba Thierry alikufa kwa homa. Kwamba nilimzika mwenyewe, Bukavu.

ANDRÉ: Na yeye?

JOCELYNE: Anasema pole sana, Madame. Ameweka na ile mikono ya kuomba. [analia]

ANDRÉ: Basi, Yaya. Basi. Yameisha. Umemwokoa.

JOCELYNE: Mpigie.

ANDRÉ: Nani?

JOCELYNE: Thierry! Mpigie sasa hivi, nisikie sauti yake.

ANDRÉ: Si bado yuko uwanjani? Simu ameiacha ndani, kwenye nguo za—

JOCELYNE: Video imeganda! Simwoni, André! Mpigie, nakuambia, aniite mama mara moja tu, mara mo—

ANDRÉ: Mpira haujaisha, Yaya. Ukiisha tu... Yaya? Haloo? Yaya Jocelyne?