Uchochoro Uliokosa Wateja: Risala ya Mafundi Sofa kwa Kamanda wa Polisi

Mgeni rasmi, Kamanda wetu wa Polisi. Muuguzi wetu tunayemwita Sista. Wazazi, majirani, na nyote mlioketi kwenye viti ambavyo gundi yake haijakauka sawasawa (tafadhali msiegemee sana):

Sisi mafundi sofa, washonaji, wapaka vanishi na wakazi wa uchochoro huu tunakusalimu kwa furaha isiyo na kifani. Tumefagia tangu alfajiri. Aliyetupa ganda la chungwa baada ya hapo anajulikana, na yuko mstari wa tatu.

KARIBU

Mgeni rasmi, leo unatufungulia chumba cha dawa. Hapa palikuwa stoo ya sponji. Tumeitoboa dirisha na kuiwekea benchi, na kuanzia kesho majirani zetu wanaoacha unga wa kulevya watakunywa dawa yao ya maji hapahapa, badala ya kupanga foleni ndefu kule zahanati. Mwenyekiti alitaka risala iwe ya ukurasa mmoja. Tulimkatalia. Tunataka ujue jinsi soko la unga lilivyokufa hapa, na jinsi lilivyogoma kufa kabla ya hapo.

TULIKOTOKA

Kwa miaka mingi unga uliuzwa katikati ya stoo ya gundi na stoo ya mbao, mchana kweupe. Polisi walikuwa wakija. Tusiwasingizie, walikuja sana. Karandinga likiingia tulipiga vigelegele, wakabebwa watu kumi, kumi na watano. Siku hiyo wauzaji walihamia nyuma ya shule ya msingi. Siku ya tatu walikuwa wamerudi pale pale, na kete imepanda bei. Aliyekuwa anaiba msumari akaanza kuiba randa, na mimi ninayesoma risala hii niliibiwa mkasi wa kukatia vitambaa nikiwa nimeukalia. Waliobebwa kwenye karandinga nao hawakuwa wenye mali. Walikuwa ndugu zetu, wagonjwa, wenye kete moja mfukoni.

Kisha ukaja msako mkubwa. Muuzaji wa siku nyingi, aliyeitwa Mjomba, akakamatwa. Tulicheza mpaka viatu vikakatika. Wiki iliyofuata nafasi yake iligombewa na vijana wawili wenye visu, wageni kabisa, na unga wao hakuna aliyejua umechanganywa na nini. Katika siku tisa walianguka watu watatu. Wawili tuliwazika. Wa tatu alikuwa kaka yangu.

Hapa wenzangu wameniruhusu niache "sisi" niseme "mimi" kidogo.

Kaka yangu mnamwita Msumari, kwa sababu hufanya kazi misumari ikiwa mdomoni na bado anaongea. Saa nne asubuhi nilimkuta nyuma ya marobota ya sponji, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, anakoroma kama mtu aliyebanwa koo. Nikapiga kelele. Wenzangu wakaja mbio, na wa kwanza kufika akasema, "Msiite gari la wagonjwa! Litakuja na polisi, tutabebwa wote."

Mgeni rasmi, naona aibu kulisema, lakini tulisimama. Dakika nzima tulisimama tukiliogopa karandinga kuliko kifo.

Ndipo akatokea sajenti wa doria, mama mmoja mfupi tunayemwita Afande Miwani. Watu walitawanyika. Hata yule aliyekuwa na bandeji ngumu mguuni alikimbia, na akawapita wawili. Nilibaki mimi, kichwa cha kaka yangu mapajani.

"Afande, usimkamate," nikamwambia. "Anakufa huyu."

"Nani kakwambia nimekuja kukamata? Shika miguu!"

Tukamlaza juu ya godoro la sofa ya mteja, tukambeba kuelekea zahanati kwa Sista. Tulipofika njiani, wale waliokimbia walirudi mmoja mmoja wakashika pembe, hadi tukawa wanane. Sista alimpulizia dawa puani, akampulizia tena. Msumari akafumbua macho, akamwona Afande ameinama juu yake anatokwa jasho, akauliza, "Sista, na huyu naye anaumwa nini?"

Tulicheka huku tunalia.

Kesho yake Afande Miwani alikuja nyumbani kwetu. Mama yetu alimpa chai, naye akavua kofia akaiweka magotini.

"Mama, uchochoro huu nimekamata watu miaka sita," alisema. "Nikimwondoa muuzaji mmoja, wawili wanagombea kiti chake. Hebu niambie wewe, ni kitu gani kingemuuma?"

"Kukosa wateja, mwanangu," Mama akamjibu. "Mimi nauza mkaa. Siku wateja hawaji, nafunga. Sasa nyinyi mnamkamata muuza mkaa, halafu jiko mnaliacha linawaka!"

Chai ikapoa. Afande akaomba nyingine.

TULIPOFIKA

Kuanzia siku ile mambo yalibadilika. Afande aliwashawishi wakubwa wake wa wakati huo, na ikawa aliyekutwa na kete moja anapelekwa kwa Sista siku hiyo hiyo na kupewa kadi ya dawa. Nguvu za doria zikaelekezwa kwa wanaoleta mzigo. Baada ya miezi miwili mzigo ulikamatwa kwenye nyumba yenye geti zuri na maua, ambayo sote tulikuwa tukiipita na kuisifia. Safari hii hakuna aliyekuja kugombea nafasi, kwa sababu wanunuzi walikuwa wameshakunywa dawa asubuhi na wako kazini wanapiga randa.

Muuzaji wa mwisho tulimwona kwa macho yetu. Alikaa juu ya kreti tangu asubuhi mpaka adhuhuri, anachezea simu. Mwishowe akamuuliza mpaka vanishi wetu, "Bosi, leo sikukuu?"

"Hapana," akajibiwa. "Leo kazi."

Akaondoka.

Hatusemi unga umekwisha duniani. Pengine alikwenda kuuza mtaa mwingine, na tunawaombea wa huko nao wampate Afande wao. Lakini hapa kwetu wenye kadi ni thelathini na mmoja. Wawili walianguka njiani wakarudi kwa Sista wenyewe, na tuliwapokea kwa makofi. Kwa miezi kumi na minne hatujazika mtu kwa ajili ya unga. Watoto wa shule wanapita hapa kwenda nyumbani. Msumari anafundisha wanafunzi wanne, na amenenepa hivi kwamba kila baada ya miezi miwili mimi dada yake namtanulia suruali. Kitambaa cha kutanulia kimekwisha, sasa tunangoja huruma ya Mungu.

YANAYOTUTATIZA

Mgeni rasmi, hapa tunaongea kwa adabu zetu zote.

Ulipoletwa kwetu miezi mitatu iliyopita, operesheni ya kukamata watu ilianza upya. Tunaelewa kwamba hata wewe una wakubwa, na wakubwa huuliza, "Mmekamata wangapi?" Wiki mbili zilizopita, saa moja asubuhi, gari lilisimama mbele ya lango la zahanati likachukua watu watano kwenye foleni, kadi zao mkononi. Wanne waliachiwa. Mpaka vanishi wetu, Fundi Rangi, yuko rumande.

Siku ya pili yake, katika thelathini na mmoja waliokuja kunywa dawa walikuwa tisa tu. Siku ya tano, muuzaji alionekana karibu na stoo ya gundi.

Hatumlaumu mtu. Tunakueleza tu siku zilivyofuatana.

Tena tumesikia kwamba Afande Miwani amepata barua ya uhamisho.

MAOMBI YETU

La kwanza: gari la polisi lisisimame langoni kwa zahanati wala mbele ya dirisha hili saa za dawa. Wauzaji hawapangi foleni kwa Sista.

La pili: Afande Miwani abaki nasi walau nusu mwaka, amfundishe atakayempokea. Alitukataza kuliandika hili. Tumemwasi, na akitaka kutukamata tupo.

La tatu: Fundi Rangi aachiwe. Ameacha ukuta mmoja wa chumba hiki nusu, na hakuna mwingine anayejua alichanganyaje ile rangi.

NYONGEZA KWA KALAMU

Mgeni rasmi, haya hayamo kwenye nakala tuliyoleta ofisini kwako juzi. Nimeyaandika asubuhi hii juu ya goti.

Tulipokuwa tunapanga viti, Fundi Rangi aliingia kwa miguu yake, amekonda, ana karatasi yenye sahihi yako. Hakutusalimu. Alisema tu, "Nimeambiwa nina ukuta." Sista alimpeleka kwanza akanywe dawa. Msumari alimfuata mpaka mlangoni akarudi analia, misumari mdomoni, tukaogopa ataimeza.

Mwenyekiti alisema nisome risala kama ilivyochapwa, nami nimeisoma. Lakini ombi la tatu nalikata sasa hivi mbele yako, kwa mstari mmoja, nikiwa nimesimama. Asante, baba. Asante sana.

Yamebaki mawili.

Mungu akupe afya na usingizi mzuri, awalinde askari wako na walioko nyumbani kwao, na utepe huu unaokwenda kuukata usihitaji kufungwa tena. Karibu, mkasi ni mpya, na safari hii nimeushika mwenyewe.

Ni sisi,
Kikundi cha Mafundi Sofa, Washonaji na Wapaka Vanishi wa Uchochoroni, pamoja na wenye kadi thelathini na mmoja, wote wapo